Nimenunua simu Kariakoo, IMEI ya boksi haifanani na ya simu. Hii blokcheni wanayoisema ingenisaidia?

#1 Kapuku wa Mbagala
Habari wakuu.
Jumamosi nimenunua simu Kariakoo, laki nne na themanini taslimu. Winga alinipeleka mwenyewe mpaka dukani. Nimefika nyumbani, nikabonyeza *#06#, IMEI iliyotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ile ya kwenye boksi ni mbingu na ardhi. Nikaituma kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu, jibu likarudi na jina la simu ileile niliyonunua, safi kabisa. Sasa sielewi, simu ni halali au nimepigwa?
Shemeji yangu anasoma mambo ya kompyuta Dodoma. Anasema haya yote yangeisha kama kila simu ingeandikwa kwenye blokcheni tangu kiwandani, na kila ikibadilisha mkono inaandikwa tena, hakuna wa kufuta. Mimi nilidhani blokcheni ni Bitcoin tu. Wataalamu njooni mnieleweshe, ila kwa lugha ya Mbagala.

#2 Chalii wa Ngarenaro
"Winga alinipeleka mwenyewe." Mimi nimeacha kusoma hapo.

#3 Mama Nasra
Simu yako ni ya laini mbili? Ya laini mbili inakuwa na IMEI mbili. Linganisha zote kabla hujamlaani mtoto wa mwenzio.

#4 Kapuku wa Mbagala
Ni ya laini mbili dada. Nimelinganisha zote, hakuna hata moja inayoshabihiana na za boksi.

#5 Mnara Mrefu
Nimekaa na mitambo ya simu miaka tisa, niseme kidogo.
Watu wanachanganya vitu viwili. Laini inathibitishwa, simu inajitaja tu. Ndani ya laini kuna ufunguo wa siri wa biti 128, na nakala yake ipo kwa mtandao wako. Ukiwasha simu, mtandao unarusha namba ya nasibu, laini inaikokotoa kwa ule ufunguo na kurudisha jibu. Likilingana na hesabu ya mtandao, unapita. Ufunguo wenyewe hausafiri hewani hata siku moja.
IMEI je? Mtandao unauliza "wewe nani?", simu inataja tarakimu 15, mchezo umeisha. Ni mgeni anayejiandikia jina mwenyewe kwenye daftari la mlinzi getini. Kwa hiyo jibu safi la 15090 linasema namba hiyo ipo na ni ya modeli hiyo. Halisemi kwamba chuma ulichoshika ndicho kilichopewa namba hiyo.
Mwaka 2020 huko Meerut, India, polisi walikuta simu zaidi ya 13,000 zinatembea na IMEI moja. Moja! Na daftari lilikuwepo.

#6 Mwalimu wa Hesabu, Iringa
Naongezea kwa Mnara Mrefu. Tarakimu 8 za mwanzo zinaitwa TAC, zinatambulisha modeli, na zinagawiwa chini ya GSMA, chama cha mitandao ya simu duniani. Sita zinazofuata ni namba ya simu yenyewe. Ya mwisho ni ya kuhakiki.
Chukueni mfano unaotumika sana kufundishia: 490154203237518. Acha ile 8 ya mwisho. Zidisha kwa mbili tarakimu ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea, ikizidi 9 jumlisha tarakimu zake. Unapata 9+2+8+0+4+5+2, yaani 30. Ambazo hukuzigusa ni 4+0+5+2+3+3+5, yaani 22. Jumla 52. Ili kufika 60 unahitaji 8. Ndiyo hiyo.
Hesabu hii inakamata aliyekosea kuandika. Mwizi anayejua kuzidisha haimkamati.

#7 Chalii wa Ngarenaro
Mwalimu umenirudisha darasa la sita, mpaka naskia harufu ya chaki.

#8 Bloku kwa Bloku
Ndiyo maana shemeji yako yuko sahihi, Kapuku.
Shida ya sasa ni daftari kukaa mkononi mwa mtu mmoja. Ofisa akitaka kuitoa namba kwenye orodha nyeusi ya simu zilizofungiwa anaitoa, na kesho hujui ni nani. Kwenye blokcheni kila bloku inabeba hashi ya bloku iliyotangulia, ichukulie kama alama ya kidole ya maandishi. Ukigusa herufi moja ya mwaka jana, alama za mbele zote zinakataa, na kila mwenye nakala anaona. Kiwanda kinaandika simu inapozaliwa, msambazaji anaandika, duka linaandika, wewe unaandika. Ukiibiwa, unaiwekea alama ya wizi mwenyewe palepale, hakuna kuzungushwa polisi kutafuta RB.
Na msiseme ni ndoto. HTC walitoa simu ya blokcheni 2018, Exodus. Solana, watu wa sarafu za kidijitali, wakatoa Saga 2023.

#9 Kapuku wa Mbagala
Sasa naanza kuelewa. Nimeweka na picha ya boksi na ya skrini, mjionee wenyewe.
*[Picha imeondolewa na msimamizi]*

#10 Mama Nasra
Kapuku futa hiyo picha! IMEI yako haikai hadharani. Mtu anaichukua anaipachika kwenye simu yake ya wizi, kesho polisi wanakuja kwako. Nimeshamwambia msimamizi aitoe.

#11 Seif wa Birmingham
Bloku kwa Bloku, hapo kwenye Exodus na Saga umeteleza. Zile zinatunza funguo za pochi ya sarafu kwenye sehemu salama ya simu. Hakuna mtandao unaosoma blokcheni na kuikataa Saga iliyoibiwa. Ni kitu kingine kabisa.
Huku Uingereza kubadilisha IMEI ni kosa la jinai tangu sheria ya 2002, kifungo mpaka miaka mitano. Simu ikiripotiwa imeibiwa, mitandao ya hapa inaifunga. Ila ikivuka bahari inafufuka. Kuna mtu alinipa simu nimpelekee nduguye Tanga, huku haipigi, ilifungwa. Nikamwambia sibebi. Akaipeleka kwa mkono mwingine, na nasikia inafanya kazi vizuri tu.

#12 Bloku kwa Bloku
Nakubali kuhusu mtandao kuikataa. Ila usisahau Saga ilikuja na tokeni moja, alama ya kidijitali, kwa kila simu, kwa hiyo simu ilikuwa na kitambulisho chake kwenye mnyororo, yaani blokcheni.

#13 Seif wa Birmingham
Tokeni ambayo mwisho wa 2023 watu waligombania simu ili wapate zawadi ya sarafu za BONK. Hicho unakiita kitambulisho au tiketi ya bahati nasibu?

#14 Fundi Mlango wa Bati
Nimesoma mpaka hapa nikacheka. Nyote mnasema "simu" kana kwamba ni kitu kimoja.
Mimi nina meza yangu mwaka wa kumi na moja huu. Simu inakuja kioo kimepasuka, natoa kioo kwenye simu iliyokufa bodi. Kesho inakuja imeingia maji, naweka bodi ya nyingine. IMEI iko kwenye bodi. Kwa hiyo mteja anaondoka na mfuniko wake, kioo cha Juma, kamera ya Asha na bodi ya marehemu fulani. Blokcheni yenu itaandika ipi?
Marehemu baba aliacha baiskeli ya Phoenix. Magurudumu nimebadilisha, mnyororo, tandiko, mpaka kengele. Kwenye risiti kuna namba ya fremu tu. Nyumbani wote wanaiita baiskeli ya baba.
Na wezi siku hizi hawahangaiki kubadilisha IMEI ya simu kubwa. iPhone yenye kufuli la akaunti hawaifungui, wanaivunja spea. Kioo hakina IMEI.

#15 Mnara Mrefu
Fundi, hapo umegusa penyewe.

#16 Chalii wa Ngarenaro
Fundi, hiyo "bodi ya marehemu fulani" imenitisha. Simu yangu kuna usiku inajiwasha.

#17 Nyayo Estate
Mambo vipi wadau, niko Nairobi. Kwetu hii stori ni ya kitambo. Simu feki zilizimwa mwisho wa Septemba 2012. Baadaye CA, mamlaka ya mawasiliano, wakaja na mfumo wao wa kusimamia vifaa, DMS, ukae ndani ya mitandao. Watu wakasema huo ni wa kusikiliza simu zetu. Mahakama Kuu ikauzuia 2018, Mahakama ya Rufani ikageuza 2020, na 2023 Mahakama ya Juu haikuutengua uamuzi wa Rufani. Halafu ikatangazwa kuwa kuanzia 1 Januari 2025 anayeingiza simu aandikishe IMEI kwa KRA, watu wa kodi, ndiyo ijulikane ushuru umelipwa.
Kwa hiyo swali langu si kama daftari ni blokcheni ama Excel. Nani anasoma hilo daftari, na anasoma nini kingine akiwa hapo?

#18 Mama Nasra
Kwetu zilizimwa Juni 2016, tarehe 16. Nakumbuka kwa sababu simu ya mama ilikufa siku hiyo, na mjomba akaapa haijawahi kuwa feki.

#19 Mwana Bukavu
Salamu kutoka Bukavu. Huku tulipata RAM, daftari la vifaa vya simu. Ilianza 2020, wakasema ni kwa ajili ya kuzuia simu za wizi na za uongo. Tukaona vocha zinakatwa, dola moja kwa mwaka kwa simu ya 2G, saba kwa ya juu yake. Watu walipiga kelele mpaka bungeni, 2022 ikaondolewa. Simu yangu iliyoibiwa wakati huo haikurudi, ila nililipa.
Mkituletea blokcheni, mtuambie mapema inakata ngapi.

#20 Kapuku wa Mbagala
Jamani, mimi niliuliza kuhusu simu yangu moja 😂

#21 Mnara Mrefu
Kapuku vumilia, uzi umeshakuwa wa taifa.
Niwarudishe kwenye kiini. Blokcheni inalinda maandishi yasichezewe BAADA ya kuandikwa. Haijui kama aliyeandika alisema kweli. Duka likiandika namba safi na kukupa simu nyingine, mnyororo utatunza uongo huo kwa uaminifu mkubwa, mpaka wajukuu wausome.
Kinachokosekana ni uzi kati ya namba na chuma. Na huo uzi unaanza kupatikana, si kwenye blokcheni. Apple waliweka sehemu salama ndani ya chipu ya iPhone 5s, 2013. Google wakaweka Titan M kwenye Pixel 3, 2018. Ufunguo unazaliwa ndani ya chipu na hautoki. Simu ya namna hiyo unaweza kuifanyia kama laini: unairushia namba ya nasibu, inasaini, unahakiki kwa ufunguo wa wazi, pacha wa ule wa siri ambaye kila mtu anaruhusiwa kumwona. Hapo haijitaji tena, inathibitisha. Mtandao ungekagua saini badala ya tarakimu 15, simu 13,000 zisingepita na jina moja.

#22 Bloku kwa Bloku
Sasa hizo funguo za wazi za simu zote duniani utaziweka wapi? Kwenye daftari la nani? Umerudi kwangu, mkuu.

#23 Mnara Mrefu
Kwa kiwanda. Kiwanda kinasaini cheti cha chipu, wewe unahakiki saini ya kiwanda. Android tayari inafanya hivyo kwa programu zinazotaka kujua simu haijachezewa. Hakuna mnyororo hapo.

#24 Bloku kwa Bloku
Kiwanda kikifilisika? Ufunguo wa kiwanda ukivuja? Na kiwanda hakijui kama simu imeibiwa Manzese jana. Umiliki unahitaji daftari, na daftari hilo mitandao, TRA na polisi wanalishika pamoja bila kuaminiana. Ndiyo kazi ya blokcheni hiyo.

#25 Seif wa Birmingham
Bitcoin inafunga bloku moja kila dakika kumi hivi, na miamala kama saba kwa sekunde ikijitahidi. Kariakoo ya sikukuu peke yake itaizidi.

#26 Bloku kwa Bloku
Nani kasema Bitcoin? Kuna minyororo ya wanachama tu, kama Hyperledger Fabric. Washiriki wanajulikana, kasi ni nyingine.

#27 Mnara Mrefu
Washiriki wakijulikana na wakiwa saba, weka daftari moja, kila mtu atie saini anachoandika, kila mtu abaki na nakala. Ukipenda uliite blokcheni, sikukatazi. Maersk na IBM walianza TradeLens 2018, mizigo ya meli dunia nzima kwenye blokcheni, pesa na majina makubwa vyote vilikuwepo. Mwisho wa 2022 wakatangaza kuifunga. Wenyewe walisema ushirikiano wa sekta nzima haukupatikana. Hesabu za hashi zilikuwa sawa, watu ndio hawakukubaliana.
Na orodha ya pamoja ya simu zilizofungiwa ipo, GSMA wanayo. Mtandao ukitaka unajiunga. Usipotaka, simu ya Dar inalala Tunduma na kuamkia ng'ambo ikiwa safi.

#28 Bloku kwa Bloku
Mfano mmoja uliokufa haufanyi kaburi la wote. Na mtandao usiojiunga na orodha ya GSMA haujajiunga kwa sababu hauna cha kupata. Kwenye mnyororo unaweza kuweka malipo: anayezuia simu ya wizi anapata kitu.

#29 Fundi Mlango wa Bati
Anayezuia anapata kitu? Basi mimi nitaiba asubuhi na kuzuia jioni.

#30 Wakili wa Kijiweni
Nimekuja kwa jambo moja. Picha ya Kapuku kwenye #9 imefutwa, na hakuna aliyelalamika. Wote tuliona ni haki yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na inamtambua mtu kuwa na haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Sasa mnataka kuandika simu ya kila mtu na kila mnunuzi wake mahali ambapo sifa yake kuu ni kutofutika. Mwanamke aliyekimbia mume mkorofi, akanunua simu mtumba, mnyororo unaonyesha imetoka kwa nani kwenda kwa nani lini.

#31 Bloku kwa Bloku
Huweki IMEI wala jina, unaweka hashi tu. Hashi hairudi nyuma.

#32 Mwalimu wa Hesabu, Iringa
Kijana, rudi #6. Ukijua modeli, tarakimu 8 za mwanzo unazo, maana TAC si siri. Ya mwisho inakokotolewa. Zimebaki sita, yaani milioni moja tu. Laptopu yangu ya shule, ile yenye kibodi isiyo na herufi N, inapiga hashi milioni moja kabla chai haijapoa. Utalinganisha moja moja mpaka upate. Hashi inaficha kitu kikubwa kisichokisika. Tarakimu sita zinakisika.

#33 Bloku kwa Bloku
Unachanganya na chumvi, namba ya siri ndefu, kabla ya kupiga hashi.

#34 Mwalimu wa Hesabu, Iringa
Vizuri. Chumvi anaitunza nani?

#35 Bloku kwa Bloku
Mwenye simu.

#36 Mama Nasra
Mwenye simu ambaye simu imeibiwa 😂😂 Mama yangu namba ya siri ya pesa tarakimu nne anamwachia mjukuu. Hao wenye sarafu wanapewa maneno 12 au 24 ya kufungulia pochi, wayaandike karatasini wasiyapoteze. Kwetu karatasi hiyo itafungia karanga.

#37 Chalii wa Ngarenaro
Blokcheni ianze na viwanja kwanza. Kuna kiwanja huku kimeuzwa mara nne na wote wana karatasi za serikali za mtaa.

#38 Nyayo Estate
Halafu vyeti vya ndoa.

#39 Chalii wa Ngarenaro
Hapana, hapo tuheshimu faragha alivyosema Wakili.

#40 Kapuku wa Mbagala
Wakuu, mrejesho. Leo nimerudi dukani na ndugu yangu mmoja mwenye mwili. Mwenye duka hakubisha. Kafungua daftari la kaunta, lile la mistari, akasema Jumamosi waliuza mbili za rangi moja, boksi zikapishana. Mwenzangu yuko Kigamboni, naye alikuwa ameshapiga kulalamika. Nimepewa boksi langu, IMEI zote mbili zinalingana. Risiti ya EFD ninayo na wameniandikia namba kwa nyuma. Asanteni sana, hasa dada Mama Nasra.

#41 Mama Nasra
Nilikwambia usilaani.

#42 Bloku kwa Bloku
Mnaona? Kosa la mwandishi wa daftari la mistari. Kwenye mfumo wangu boksi lingeskaniwa likakataa palepale.

#43 Mnara Mrefu
Kosa limegunduliwa na *#06# na nauli ya daladala.

#44 Fundi Mlango wa Bati
Mimi sijaridhika. Kapuku, hilo boksi la pili walikupa likiwa limefungwa au walilitoa nyuma ya pazia? Stika ya IMEI inachapishwa hapohapo Kariakoo, dakika mbili. Iangalie kwenye mwanga: wino unang'aa ukiusugua kwa kidole chenye maji? Na huyo wa Kigamboni, wewe umeongea naye?

#45 Kapuku wa Mbagala
Walilitoa nyuma. Wa Kigamboni sijaongea naye, walinionyesha namba yake tu. Ngoja nitafute maji.